Mzee Ndevu wa Nne

Khalfani alisimama mlangoni kwake Tandika, mikono nyuma, akatazama ng'ambo ya barabara na kushangaa kama mtu aliyemwona mbuzi akipanda ngazi. Foleni ilianzia mlangoni kwa Mama Nikodemu, ikapita karai lake la maandazi, ikapinda kona ya nyumba na kupotelea uchochoroni. Walikuwamo vijana, walikuwamo watu wazima wenye wake na wajukuu, na alikuwamo Mashaka fundi cherehani, aliyeacha suruali ya mteja ikining'inia mashineni na sindano ndani yake. Wote walikuwa wamekuja kumpokea Mzee Ndevu wa Nne, aliyewasili asubuhi hiyo kutoka Kariakoo.

Na Mzee Ndevu, nisimung'unye maneno, lilikuwa gemu bovu. Ubovu wake haukuwa wa kutafutwa kwa tochi. Jina lake la kweli hakuna aliyelijua, maana juu ya kaseti kulikuwa na maandishi ya Kichina, au ya Kijapani, na picha ya pandikizi la mtu mwenye ndevu kama fagio la chelewa. Ukiichomeka kaseti mashineni, yule anayetokea kwenye kideo hana hata unywele mmoja kidevuni. Ukimwambia aende mbele, mara nyingine anarudi nyuma. Ukimrusha juu, kuna siku anashuka na kuna siku anabaki huko huko, ndipo watu wa Tandika wakawa wanasema kapanda dari. Ngumi yake humpita adui bila kumgusa, kisha adui anaanguka baadaye, kwa wakati anaoutaka mwenyewe. Na wakikabana sana, wote wawili huzama sakafuni mpaka shingoni, vikabaki vichwa viwili vinatazamana kama nazi sokoni. Hapo mashine humtangaza mshindi, na kwa kigezo gani, Mungu ndiye ajuaye.

Wa Pili alipokuja, watu walidhani karekebishwa. Kilichobadilika ni suruali, ikawa nyekundu. Wa Tatu akaja na suruali ya bluu na mwezi nyuma yake, na mwezi wenyewe ulikuwa ukikosea njia, unapita mbele ya wapiganaji na kuwafunika ugomvi ukiwa umepamba moto. Sasa huyu wa Nne, uvumi ulisema ana mbwa.

"Mashaka," Khalfani aliita kutoka ng'ambo. "Wa kwanza umemwona, wa pili umemwona, wa tatu umemwona. Wote wabovu. Wa nne unatarajia nini?"

Mashaka aligeuka, akamtazama kama anayeulizwa kwa nini anakula. "Nataka kuona safari hii kaharibika wapi," akasema, na foleni ikasogea.

Khalfani akarudi ndani kwake. Chumba kilikuwa kitupu, kisafi, na kideo kinawaka chenyewe.

Ili umwelewe Khalfani, lazima ujue kwamba kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kukataa. Alikuwa mkaguzi wa vitambaa katika kiwanda cha nguo, na kitambaa kilipokuwa kinapita mbele yake mezani, jicho lake lilikuwa likikamata uzi uliokatika kabla mkono haujaufikia. Kisha ikaja ruksa ya biashara huria, milango ikafunguliwa, mitumba ikamwagika mjini, na vitambaa vya Khalfani visivyo na kasoro vikabaki ghalani. Kiwanda kikapunguza watu. Kiinua mgongo chake akakinunulia kideo, mashine ya gemu, na kaseti chache alizozichagua moja moja, akizijaribu dukani mpaka wenye duka wakachoka naye. Kaseti yenye doa hata dogo aliirudisha. Juu ya mlango akamwambia mchoraji aandike: Kizuri Chajiuza.

Nusu ya pili ya methali hiyo hakuiandika. Inasema kibaya chajitembeza, na hapo ndipo alipokuwa anachanganyikiwa, maana Mzee Ndevu hakujitembeza kokote. Alikaa kitako kwa Mama Nikodemu, na watu ndio walikuwa wakimtembelea.

Lakini mshangao huo, ingawa ulimnyima usingizi, haukuwa ndio uliokuwa unamuuma. Kilichomuuma ni kwamba mkewe, Raudha, hakuwapo nyumbani.

Raudha alikwenda kwao Kunduchi mdogo wake alipojifungua, kumwangalia mzazi mpaka arobaini, kama ilivyo desturi. Arobaini ikapita. Badala ya Raudha ikaja salamu kutoka kwa baba yake, Mzee Hija, kwamba binti atakaa kwanza, mpaka yeye mzee aje mwenyewe kuona huyu mkwe wake siku hizi anafanya kazi gani. Kiwandani alimjua. Hii habari ya kuchezesha watu vibonyezo ilimfikia kama habari ya mtu aliyeanza kucheza kamari.

Mzee Hija hakuwa mtu wa kuchezewa. Alikuwa dalali wa samaki pale Kunduchi tangu ujana wake, na sauti yake ilipokuwa ikinadi, waliolala waliamka na waliogombana walinyamaza. Mtu wa namna hiyo anapokuja kukukagua, unapiga deki mara mbili. Khalfani alipiga deki, akapaka chokaa, akatoa kiti chake kimoja cha mito, akaagiza kahawa na kashata. Na kati ya kaseti zake zote akachagua ile iliyo bora kuliko zote, gemu la mpira. Lilikuwa zuri hasa. Mpira ulikwenda pale ulipopigwa, kipa aliruka inapostahili kuruka, na hata vivuli vya wachezaji vilikimbia pamoja nao.

Mzee alikuja Jumamosi, kanzu nyeupe na kofia ya mkono, baada ya kubadilisha magari mawili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo kazi yenyewe hii?"

"Ndiyo hii, baba. Karibu ukae."

Vijana watatu waliokuwamo wakasimama kwa heshima, wakaegemea ukuta. Mzee akakaa kwenye mito, akatazama kideo kwa muda mrefu, akatazama vijana, akatazama tena kideo. Pua zake zikatanuka kidogo, na Khalfani, aliyekuwa akimwibia macho, akaona kwamba mzee amevutiwa.

"Nipe na mie hicho kidude," Mzee Hija akasema.

Hapo ndipo balaa ilipoanzia. Nani acheze naye? Kijana wa mtaani amfunge mzee mbele ya mkwewe, hilo haliwezekani. Ikabidi Khalfani mwenyewe achukue pedi ya pili, akakaa chini kwenye kigoda, nusu ameupa ukuta uso, maana mkwe hatazamwi usoni kama rika. Na wewe niambie, ni mwanamume gani wa Pwani atakayenyoosha mkono kumfunga mtu aliyempa mke? Mtu huyo hata samaki ukila naye unamwachia kichwa.

Kwa hiyo Khalfani akaamua kumwachia. Lakini lile gemu lilikuwa zuri mno. Lilionyesha kila kitu. Kipa wa Khalfani alipokaa pembeni kama pazia, ilionekana. Mabeki wake walipogeuka kutazama jukwaa, ilionekana. Mzee akafunga goli, akafunga jingine, mwanzoni akicheka, kisha akicheka kidogo. Kijana mmoja ukutani akamnong'oneza mwenzake, na mnong'ono wa chumba kitupu ni kama tangazo: "Anamwachia mkwewe."

Mzee Hija akaiweka pedi mezani taratibu, kama kitu kinachoweza kumwagika.

"Ahsante, mwanangu. Nimeona," akasema. Akaondoka, na kahawa yake bado ilikuwa inatoa moshi.

Tangu siku ile kimya. Raudha hakurudi. Salamu hazikuja. Na Khalfani hakuweza kwenda Kunduchi, kwa sababu mkwe aliyekuja akaondoka bila kutoa jibu hafuatwi mlangoni kama mdeni, unangoja kuitwa. Akangoja. Akawa anakaa peke yake kwenye chumba chake kisicho na kasoro, anapangusa kaseti kwa kitambaa laini, wateja wake wakivuka barabara mmoja mmoja kwenda kwa Ndevu, naye akijiambia kwamba dunia imepinda.

Sasa turudi kwenye ile siku ya foleni, siku ya wa Nne.

Alasiri ilikuwa inakaribia. Khalfani alikuwa ameketi na kitambaa chake mkononi, na kelele za ng'ambo zikija kwa mawimbi, kicheko, kimya, kicheko. Ghafla ndani ya kelele zile ikapanda sauti moja iliyozipanda zote kichwani.

"Haya, haya, haya, anazama huyo, anazama. Shingo hii nani anaitaka? Imebaki shingo na kichwa, mnofu wote uko chini. Nauza pamoja na kipara. Nani wa kuanza?"

Kitambaa kikamwanguka Khalfani. Sauti ile angeitambua hata akiwa kisimani. Ilikuwa sauti ya mnada wa samaki, na mnada wa samaki wa Kunduchi ulikuwa na sauti moja tu.

Alivuka barabara bila kuangalia kulia wala kushoto. Mama Nikodemu alikuwa anageuza maandazi. Mwanamke huyu alitoka Masasi na mumewe, mchonga vinyago, na kuhusu gemu hakujua chochote zaidi ya mahali pa kuchomeka waya.

"Mama Niko, huko ndani yuko nani?"

"Si mkweo huyo!" Akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Mie nilidhani unajua. Huyu babu anakujaga kila Jumamosi. Toka enzi za mwezi."

Enzi za mwezi maana yake wa Tatu. Khalfani alihesabu na akachoka kuhesabu.

"Na kwa nini unamnunua huyu Ndevu kila akitoka?" akauliza, si kwa sababu alitaka jibu bali kwa sababu alikuwa anaogopa kuingia. "Unamwona hafai."

"Hafai hata kidogo," Mama Nikodemu akakubali, akachuja maandazi. "Ila jirani, jamaa yako akirudi safari huendi kumwona? Hata kama hakuleta kitu unakwenda. Unakwenda kumwona kaja na mambo gani."

Khalfani akainama mlangoni, akaingia.

Chumba kilikuwa na joto la tanuri na harufu ya jasho na mafuta ya nazi. Watu walikuwa wamekaa juu ya ndoo, juu ya magunia, juu ya miguu ya wenzao. Mbele kabisa, juu ya kreti ya soda, alikaa Mzee Hija, kanzu kaikunja magotini, kofia imekwenda upande, pedi mkononi, uso unang'aa. Alikuwa anacheza na Mashaka. Kwenye kideo vichwa viwili vilikuwa vinatazamana sakafuni, na mbwa, yule mbwa aliyesemwa, akatokea kushoto, akatembea polepole, akapita juu ya kichwa kimoja, akapita juu ya cha pili, akafika kulia akakaa. Muziki ukapigwa. Maandishi ya ushindi yakamulika. Yalimulika juu ya mbwa.

Watu waliutazama ule mkasa kama wanaotazama mwezi ukipatwa. Kisha chumba kikapasuka kwa kicheko, mtu akaanguka kutoka kwenye ndoo, Mashaka akajifunika uso kwa pedi, na Mzee Hija, aliyeshindwa na mbwa mbele ya Tandika nzima, ndiye aliyecheka kuliko wote, machozi yakimtiririka.

"Umefungwa, babu," kijana mmoja akamtania, kwa kuwa babu na mjukuu ni watani na hapo wote walikuwa wajukuu.

"Nani kafungwa? Mie? Mie nimebonyeza ipasavyo. Kafungwa Ndevu."

"Na mie nimebonyeza ipasavyo," akasema Mashaka.

"Basi tumeshinda wote, mpe mbwa haki yake."

Khalfani alisimama pale mlangoni. Alikuwa amekagua maelfu ya mita za kitambaa maishani mwake, lakini jambo hili hakuwahi kulikagua. Katika chumba kile alikuwamo mzee na alikuwamo mtoto wa shule, fundi na mteja anayemdai suruali, na hakuna aliyekuwa na cha kupoteza, kwa sababu kila aibu iliyotokea ilikuwa na mtu wa kuibeba, na mtu huyo alikuwa kikaragosi asiye na ndevu. Watengenezaji wa gemu hili, popote walipo duniani, pengine walikuwa wazembe, pengine walikuwa na njaa na haraka, pengine hawakujua hata kama kuna mahali panaitwa Tandika. Na bado walitengeneza kitu ambacho mkubwa anaweza kuangukia ndani yake bila kuumia. Khalfani aliona ni ajabu kubwa, kubwa kuliko lile gemu la mpira na vivuli vyake vyote, na akaona haya kwamba aliitazama kwa miezi kutoka ng'ambo ya barabara akaiita uchafu.

Ndipo Mzee Hija akageuka kufuta machozi, akamwona.

Kicheko kikafa. Tandika yote ilijua habari ya kipa aliyekaa pembeni kama pazia. Mzee akairekebisha kofia, akashusha kanzu yake mpaka kwenye vifundo vya miguu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Mama Nikodemu, aliyekuwa amechungulia na kijiko chake cha kuchujia, ndiye aliyesema, "Mashaka, suruali ya watu inakungoja. Mpishe mwenzio." Mashaka akainuka, akamwekea Khalfani pedi mkononi, na ikawa hakuna pa kukimbilia.

Khalfani akakaa chini. Ndevu wakatokea, mmoja kulia, mmoja kushoto. Na mazoea yana taabu, kwa maana jambo la kwanza alilofanya ni lile lile: akajaribu kumwachia mkwewe. Akabonyeza Ndevu wake arudi nyuma ili apigwe. Ndevu akaenda mbele. Akamtuliza asirushe ngumi, na Ndevu akarusha ngumi tatu kwa hiari yake, zote zikapita hewani, na Ndevu wa mzee akaanguka kwa ngumi ambayo haikumfikia. Khalfani akashtuka. Akajaribu kusimama asifanye lolote, Ndevu akapanda dari, akabaki huko.

"Mshushe mtu wako," Mzee Hija akasema, macho kwenye kideo.

"Hashuki, baba."

"Mwambie."

"Namwambia, hasikii."

Kidogo tu, kona ya mdomo wa mzee ikacheza. Wale Ndevu wakakutana kwa namna yao, wakakabana, wakaanza kuzama. Khalfani alikuwa ameshasahau kuachia na kutoachia, alikuwa anabonyeza kwa vidole vyote kama anayezima moto. Na kando ya sikio lake, karibu kabisa, sauti ya mnada ikaanza kupanda.

"Haya, haya, huyu mkwe huyu, kazama mpaka kifuani. Mkaguzi mzima wa kiwanda. Jicho kali, mkono mzito. Nani anamchukua? Namtoa kwa bei ya vibua."

Watu wakashika vinywa. Mkwe hamtanii mkwe. Tangu lini? Khalfani mwenyewe, kabla hajajua anafanya nini, akasikia mdomo wake unajibu, "Na wa kwako, baba, kashaoza, hata vibua wanamkimbia."

Mzee Hija akaangusha kichwa nyuma, akacheka mpaka kreti ikalia. Mwezi, ambao kumbe walikuwa wameuacha katika wa Nne, ukaja kutoka pembeni, ukafunika kideo chote, na mpambano ukamalizikia nyuma yake. Muziki ukapigwa. Nani alishinda, hakuna aliyeona.

Baadaye walikaa nje, kwenye benchi la Mama Nikodemu, na andazi moja moja mkononi. Ndani wengine walikuwa wanampigia mbwa makofi.

"Siku ile ulinipa magoli," Mzee Hija akasema.

"Nilikupa, baba. Nisamehe."

"Na leo?"

"Leo nilianza kukupa. Ndevu akakataa."

Mzee akaguna kwa kuridhika. Akafuta mafuta vidoleni, akatazama ng'ambo, kwenye mlango uliokuwa wazi na maandishi yake juu.

"Kila Jumamosi namwambia Raudha naenda kwa Khalfani," akasema taratibu. "Na sisemi uongo. Nakuja kwako. Nafika pale mlangoni, nakuona umeinama unapangusa vitu vyako, kiti kile cha mito kiko tupu, nakumbuka nilivyokikalia kama mtoto anayepewa pipi. Miguu inageuka yenyewe. Halafu nasikia watu wanacheka huku."

Khalfani akalishusha andazi lake magotini.

"Nikirudi ananiuliza, hajambo? Namwambia hajambo, amekonda kidogo. Ananiuliza, amesemaje? Hapo ndipo ninapokosa la kumwambia."

"Baba, mimi kazi yangu, kama bado una wasiwasi nayo..."

"Kazi nilishaiona siku ya kwanza. Ni kazi." Mzee Hija akainuka, akakung'uta kanzu, na safari hii alimtazama mkwewe usoni moja kwa moja. "Mwanangu, yule mtoto amefunga mzigo wake tangu asubuhi ya arobaini. Uko nyuma ya mlango mpaka leo. Hakuna aliyemkatalia ila mie, na mie nilikuwa naona aibu tu."

Alitangulia kuelekea kituoni, hakugeuka nyuma kuona kama anafuatwa. Khalfani akavuka barabara mbio, akavuta mlango wake akaufunga, kideo kikiwa kinawaka ndani na kaseti zimetapakaa mezani, akakimbia kumfuata.